Somo la 9: Miguu Tuliyopewa na Bwana

SABATO MCHANA

Soma kwa Somo la Juma Hili: Mwanzo 2:15, Kutoka 21:28, 29, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 10:30–37, Matendo 20:13, 14, 1 Wakorintho 6:19, 20, Yakobo 2:1–4.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 6:20. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Kila asubuhi, kando ya barabara kuu ya TANZAM inayopita katikati ya Jiji la Mbeya, hukutana watu wa aina mbili. Wa kwanza wanatembea kwa sababu hawana nauli. Wa pili wana nauli, au wana gari, na hawatembei hata mahali wanapoweza. Wa kwanza wamo hatarini kwa sababu ya magari. Wa pili wamo hatarini kwa sababu ya kukaa. Siku ya Sabato watu hawa hukutana tena, katika kanisa moja na darasa moja la Shule ya Sabato.

Mara nyingi tumejifunza habari za mazoezi kana kwamba zinamhusu mtu na mwili wake tu. Juma hili tutaona kwamba miguu tuliyopewa inatuhusisha pia na jirani na dunia ya Mungu. Anayeweza kuchagua aitwa kutembea. Naye asiye na la kuchagua lazima alindwe.

JUMAPILI: Paulo Achagua Kutembea

*Soma Matendo 20:13, 14. Paulo alikuwa na njia gani nyingine ya kufika Aso?*

Merikebu ilikuwapo, na wenzake walipanda. Paulo mwenyewe aliamua kwenda kwa miguu kutoka Troa mpaka Aso, mwendo mrefu wa nchi kavu. Luka hatuambii sababu, nasi tusimtungie. Lakini mambo mawili yako wazi. Hakutembea kwa kukosa chombo, maana chombo kilikuwapo. Tena kutembea kwake hakukuharibu kazi, kwa kuwa alikutana na wenzake Aso, safari ikaendelea.

Kwetu, mtu mwenye kazi nzuri akionekana anatembea, huulizwa kama gari limeharibika. Kutembea kumekuwa alama ya kukosa. Ndiyo maana wengine huita bodaboda kwa safari ya dakika kumi na tano: si kwa haraka, bali kwa kuogopa macho ya watu.

*Soma Yakobo 2:1–4.* Yakobo anamtaja mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri. Leo pete hiyo yaweza kuwa ufunguo wa gari. Anayeshuka garini hupokewa na kupelekwa mbele. Aliyetembea kutoka Itezi, viatu vikiwa na tope la masika, hutafuta mwenyewe nafasi ya nyuma. Tukifanya hivyo, mafundisho yetu ya afya hayatakuwa na nguvu, kwa maana tumekwisha kuwaonyesha watu kwamba kutembea ni aibu.

*Ni lini mara ya mwisho ulipanda chombo kwa safari ambayo ungeweza kuitembea? Ni nini hasa kilichokufanya upande?*

JUMATATU: Hekalu Lililoumbwa Litembee

*Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Ikiwa mwili si mali yetu, ni nani mwenye haki ya kuamua jinsi unavyotumika?*

Wahadzabe, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa nchi yetu, hutafuta chakula kwa miguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wastani hutumia dakika 135 kila siku katika mwendo wa wastani au wa nguvu, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo miongoni mwao ni chache sana. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Muumba aliuumba mwili uwe katika mwendo. Misuli ya miguu inapofanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu, hivyo huusaidia mwili kuizuia kisukari. Moyo huimarika, shinikizo la damu hushuka, mifupa hupata nguvu kwa kubeba uzito, na usingizi huja vizuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma. Nusu saa kwa siku tano yatosha kufikia dakika 150. Kipimo ni rahisi: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba wimbo. Katika milima yetu, kupanda kutoka Soko Matola kuelekea Loleza, au kutoka bondeni kwenda mjini Iringa, hukuleta katika kipimo hicho upesi.

Ujumbe huu si mgeni kwetu. Mwaka 1863 Ellen G. White alipewa nuru juu ya afya, na baadaye aliandika mara nyingi kuhusu faida ya kutembea nje katika hewa safi. Mwaka 2001 watafiti wa Loma Linda waliowafuatilia Waadventista zaidi ya 34,000 wa California walieleza kwamba mazoezi, pamoja na lishe ya mimea, kula karanga na jamii yake, uzito unaofaa na kutovuta sigara, kwa pamoja vinaweza kuleta tofauti ya hadi miaka kumi ya maisha.

Angalizo: mwenye ugonjwa wa moyo, au anayeishiwa pumzi kirahisi, amwone daktari kwanza. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika na aikague miguu yake kila jioni.

JUMANNE: Bustani na Moshi

*Soma Mwanzo 2:15. Adamu alipewa kazi gani mbili?*

Kulima ni kutumia. Kutunza ni kulinda. Kazi zote mbili zilitolewa pamoja, wala hatukuruhusiwa kuchukua moja na kuiacha nyingine.

Tufanye hesabu. Ndugu anaishi kilomita 3 kutoka kazini. Huenda na kurudi kwa gari siku sita kwa juma, yaani kilomita 36. Ikiwa gari lake linatumia lita 10 kwa kilomita 100, kwa mwaka atachoma takriban lita 187 za petroli. Kila lita hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Jumla ni kilo 430 hivi kwa mwaka, kwa safari ambayo mwenye afya huitembea kwa dakika 40.

Mtu atasema, "Viwanda vya Ulaya na Marekani vimechafua zaidi; gari langu ni nini?" Ni kweli, wao wamechafua zaidi. Lakini moshi wa gari langu hauendi kwanza Ulaya. Unamwendea kwanza mama anayeuza ndizi kando ya barabara pale Mafiati, na mtoto aliye mgongoni mwake. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, hewa nzito hukaa chini bondeni, na moshi hukaa nayo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa WHO walitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani. Kwa hiyo kuitunza bustani ni sehemu ya kumpenda jirani.

*Ni nani anayevuta moshi wa safari zako?*

JUMATANO: Ukingo wa Dari

*Soma Kumbukumbu la Torati 22:8 na Kutoka 21:28, 29. Ni lini mwenye nyumba au mwenye ng'ombe alihesabiwa kuwa na hatia ya damu?*

Mwisraeli aliyejenga nyumba alipaswa kuweka ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka. Mwenye ng'ombe aliyejua kwamba mnyama wake hupiga watu kwa pembe, akaonywa, asimzuie, alihesabiwa mwuaji. Mungu hakungoja nia ya kuua; alitazama uzembe wa mtu aliyejua hatari.

Kwa takwimu za WHO za mwaka 2023, ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 duniani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Sisi wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa. Tunaujua mteremko wa Iwambi na malori yaendayo Tunduma. Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Barabara pana itapunguza foleni, lakini mwendo ukiongezeka, bibi anayevuka kwenda sokoni atahitaji kivuko na dereva anayesimama.

Basi dereva Mwadventista anayejua breki zake ni mbovu amemjua ng'ombe wake. Anayepita kasi kwenye kivuko cha wanafunzi ameonywa. Amri ya sita haikomi mlangoni pa gari. Nasi tunaotembea tuna wajibu wetu: mahali pasipo njia ya miguu, tembea upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, usiku vaa nguo nyeupe, baiskeli iwe na taa na breki zinazoshika.

ALHAMISI: Msamaria Alishuka

*Soma Luka 10:30–37. Yule Msamaria alifanya nini na mnyama wake?*

Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Inaelekea, basi, kwamba safari iliyobaki aliikamilisha kwa miguu. Kuwa na chombo hakukuwa kosa. Alikitumia kwa ajili ya asiyeweza kutembea, naye aliyeweza akatembea.

Huu ndio mpango kwa kanisa. Hatumwambii mama anayetembea kila siku na ndoo kichwani aongeze mazoezi. Huyo amekwisha kufanya ya kutosha, na pengine anahitaji lifti. Viti vya gari la mwenye gari ni vya wazee, wajawazito na wagonjwa. Vijana na wenye nguvu wa mtaa mmoja watembee pamoja kwenda kanisani, wakizungumza habari za Bwana kama wale wawili wa njia ya Emau. Baada ya ibada za usiku, dada asiachwe kutembea peke yake.

Na baiskeli tusiidharau. Kyela, kwenye tambarare za Ziwa Nyasa, baiskeli ni chombo cha kila mtu, mwanamume na mwanamke. Mbeya mjini ina milima, lakini maeneo yaliyo tambarare yapo. Kanisa linalotenga mahali pa kuegesha magari litenge pia mahali salama pa kufungia baiskeli.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Isaya 40:31 na Yohana 4:6. Bwana wetu alichoka kwa safari akaketi kisimani. Anaujua uchovu wa mtembea kwa miguu. Na katika ahadi ya Isaya, baada ya kuruka na kukimbia, neno la mwisho ni kutembea bila kuzimia.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kutembea kwa kupenda na kutembea kwa kukosa? Tunawezaje kufundisha afya bila kumjeruhi asiye na nauli?

2. Katika kanisa lenu, je, mtu hupokewa kwa namna tofauti kulingana na jinsi alivyofika? Mtabadilisha nini Sabato hii?

3. Taja mahali pa hatari kwa watembea kwa miguu karibu na kanisa au shule yenu. Ni nani atakayekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulizungumza, na lini?

4. Kila mmoja achague safari moja ya kila siku ambayo juma lijalo ataifanya kwa miguu au kwa baiskeli. Nauli itakayookolewa, mtaielekeza kwa nani mwenye uhitaji?