Nuru, Kivuli na Mpita Njia

Nuru ya jua haina upendeleo. Huangaza kasri na kibanda, wala haimwulizi mtu jina lake kabla ya kumwangukia. Lakini picha si nuru yenyewe. Ni nuru iliyochaguliwa, na palipo na uchaguzi pana wajibu. Je, mpiga picha aviziaye mwanga mzuri katika njia za mji humtendea haki mtu apitaye katika mwanga huo?

Alex Webb wa Marekani alikwenda Haiti mwaka 1975, akapiga picha nyeusi na nyeupe. Baadaye alitambua kuwa zimepungukiwa: ukali wa jua na rangi za kuta na nguo vilikuwa sehemu ya maisha ya watu wale, si pambo tu. Tangu hapo akafuata rangi. Lakini Kodachrome, filamu aliyoitumia miaka mingi, ilikuwa na sharti gumu: haikuweza kupokea vema mwanga mkali na giza kwa pamoja. Mpiga picha alipoipima kwa ukuta uliopigwa na jua, mtu aliyesimama kivulini aligeuka umbo jeusi lisilo na uso.

Hapo ndipo penye shauri. Mwaka 1986 Jean-Claude Duvalier aliikimbia Haiti; Novemba 1987 wapiga kura waliuawa Port-au-Prince, na uchaguzi ukavunjwa siku ile ile. Picha za Webb za miaka hiyo zilitolewa kitabuni mwaka 1989. Mwenye kulaumu husema kuwa uzuri wa rangi huipaka dhiki asali, na mtazamaji husifu kivuli akamsahau mwenye kivuli. Lawama hii si nyepesi. Mtu aliyefanywa doa jeusi ili buluu ya ukuta ipendeze ametumiwa bila kuombwa.

Walakini, dawa si kuuzima uzuri. Kumnyima maskini rangi ya jua lake ni kumdhulumu mara ya pili, kana kwamba mwenye dhiki hana asubuhi. Tena kivuli chaweza kuwa stara: humhifadhi mtu na macho ya wageni, kikaacha mwendo na mzigo wake vimseme.

Basi mizani ni ipi? Nia ya mpiga picha haionekani, lakini kazi ya kivuli huonekana. Katika fikira, mtu yule na aondolewe, na mahali pake pasimamishwe nguzo yenye kimo chake. Ikiwa picha haikupungukiwa na kitu, mtu alikuwa nguzo tangu mwanzo. Ikiwa imekufa, basi nuru ilimtumikia yeye, si yeye aliyeitumikia nuru.

Kodachrome ilikoma kutengenezwa mwaka 2009. Kamera za sasa huona kivulini mambo mengi ambayo filamu ile haikuyaona, na giza laweza kupunguzwa hata baada ya picha kupigwa. Udhuru wa kale umepungua. Uso uliofichwa zamani uliweza kuwa sharti la filamu. Leo, mara nyingi, ni uamuzi wa mtu. Jua litaendelea kumwangukia kila apitaye bila hesabu. Hesabu ni ya yule ashikaye kamera.