Nguo Alizoshona Dorkasi

Kanisani wengi huona haya kumshukuru hadharani anayehudumia wagonjwa na wajane kimyakimya, wakisema Yesu aliagiza sadaka itolewe sirini. Hoja hiyo ina uzito, maana sifa zimewaharibu wengi. Lakini agizo la Mathayo 6 linamzuia mtoaji asijipigie tarumbeta; halimfungi mdomo aliyepokea. Tazama Matendo 9: Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walisimama orofani karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Ushahidi wao ulikuwa kitambaa chenye mshono wa mkono wake, na Petro hakuwakemea.

Wapo pia wasemao kwamba shukrani zote ni za Mungu. Ni kweli, zote zinaishia kwake. Hata hivyo Paulo, katika Warumi 16, anamtaja Fibi wa Kenkrea aliyewasaidia wengi, kisha anawashukuru Priska na Akila waziwazi, tena kwa niaba ya makanisa. Shukrani ya namna hiyo, kwa maoni yangu, inadai zaidi ya makofi ya Jumapili: inadai tumuulize mama anayewapikia wagonjwa uji kila alfajiri kama naye amekula, kisha tumpokee ndoo.