Umesafiri Naye?

 Ndugu zangu, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Bibi zetu walitusimulia juu ya mwari aliyekataa kila mposaji. Huyu ana kovu la jembe mguuni, yule aliungua na uji utotoni. Yeye anamtaka asiye na alama hata moja. Siku ya ngoma akatokea mgeni, ngozi nyororo, hana hata kipele. Hakuna aliyeuliza kwao wapi. Akaozeshwa, akachukuliwa. Mdogo wake mwenye upele akawafuata nyuma, dada mtu akimfukuza kwa mawe kwa kuona haya. Walipofika, kumbe bwana harusi ni zimwi! Na aliyemwokoa ni yule yule wa upele.

Msicheke. Chalinze yetu ni njia panda. Huku Morogoro, huku Msata hadi Segera, na wageni hawakatiki. Mgeni si mtu mbaya, wengi wetu hapa babu zetu walikuja. Lakini mshenga akileta barua ya posa, noti zimepangwa juu ya sinia, sisi wazee tunauliza gari na kiwanja. Ulimi wake, hasira zake, hatuna habari nazo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba akija tunayeridhia dini yake na tabia yake, tumwozeshe. Mwenyewe alimposea Julaybib, mtu asiye na sura wala ukoo wa kutajwa. Wazazi wa binti walisita, binti akakubali.

Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar alimuuliza mtu aliyemsifia mwenzake: u jirani yake? Mmeshughulika kwa fedha? Umesafiri naye? Yote hapana. Akamwambia basi humjui, labda umemwona akiswali tu. Hapo tunaguswa hata sisi wa safu ya mbele.

Basi wazee wenzangu, barua ikija msiijibu juma hilo hilo. Nendeni kwao mposaji. Muulizeni mwenye duka anayemkopesha, mwenye nyumba aliyempangisha, na kama ni dereva, utingo wake. Sikilizeni anavyomsemesha mama yake. Kisha binti aulizwe faraghani, kabla mahari haijapokelewa.