Je, Kunyamaza Ni Amani?

Wazee walisema kwamba vikombe vilivyo katika kabati moja havikosi kugongana. Neno hili hutajwa sana watu wa kazi moja wagombanapo, nalo hutufariji. Walakini twaliona limepungukiwa, maana kikombe hakina kinywa, na mtu anacho. Tena kikombe kikiisha kugongwa hakiweki kinyongo.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tulifundishwa tangu utoto ya kuwa mtu mwema hunyamaza. Akikosewa kazini, iwe shambani, kiwandani au darasani, hasemi neno, nasi humsifu kuwa ni mvumilivu. Yafaa tuuchunguze uvumilivu huo.

Sisi tuandikao haya tulipata kufundisha pamoja na mwalimu aliyetuzidi umri. Darasa lake lilikuwa jirani na letu, na siku nyingi alichelewa kufika. Watoto wake walipofanya kelele tuliingia tukawapa hesabu, wala hatukumwambia mwenyewe neno. Tuliwaambia wengine: jamaa nyumbani, mpishi wa shule, hata fundi wa baiskeli! Mwenye jambo ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia.

Aliposikia alitujia kwa hasira. “Mdogo wangu,” alisema, “mbona siku ya kwanza uliingia darasani mwangu bila kuniuliza? Nilidhani mkubwa wa shule amekupa kazi yangu, nawe waona haya kuniambia.” Kumbe muhula mzima kila mmoja wetu alijihesabu kuwa ndiye aliyedhulumiwa. Kuchelewa kwake kulikuwa kosa, hilo hatulifuti; lakini kimya chetu alikisoma kwa maana ambayo sisi hatukuiandika. Basi, huo haukuwa uvumilivu. Mvumilivu husema lake, kisha husubiri. Sisi tulikuwa tukiweka akiba ya hasira.

Hata sheria haisifu kimya kirefu. Katika Tanzania, kwa sheria za kazi zilizotungwa mwaka 2004, migogoro hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha shauri lake, na kwa migogoro mingine ni siku 60; akichelewa, hana budi kueleza sababu. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, na msuluhishi hakati hukumu: huwakalisha wawili wakasema, hata wapatane wenyewe ikiwezekana.

Huenda msomaji akauliza, “Na kama aliyenikosea ndiye mkubwa wangu, ashikaye mshahara wangu?” Swali hili ni zito. Kumwambia mwenzi wa cheo kimoja kwataka ujasiri wa dakika chache tu. Kumwambia mkubwa huenda kukawanyima watoto chakula. Hapo mtu asiende peke yake. Na aandike siku na jambo lilivyotukia, kisha aende pamoja na mwenzake, au akitumie chama cha wafanyakazi kama kipo. Nao wakubwa wapendao kuwahubiri saburi walio chini yao, twawaomba wajiulize saburi hiyo yamfaidia nani.

Na yule mwalimu? Tuliandika zamu zetu katika karatasi, tukaibandika ukutani. Hakuacha kuchelewa mara moja. Ila siku za kuchelewa alimtuma mtoto kutuarifu, nasi tuliingia darasani mwake kwa ruhusa yake.