Darasa la Jioni

Mhandisi wa programu anayehamia Berlin akiwa na miaka arobaini hupokewa vizuri kazini. Ofisi nyingi za teknolojia huko huendesha vikao kwa Kiingereza, na hapo ndipo penye mtego. Miaka inapita, naye bado anamwomba mwenzake amsomee barua ya bima ya afya au amsindikize kwenye mkutano wa wazazi shuleni.

Sheria yenyewe imeipa lugha uzito. Mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha ukaazi cha wataalamu wa kigeni, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu Ujerumani baada ya miezi 27 ya kazi, akiwa na Kijerumani cha ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa. Akifikia B1, ngazi ya kati, miezi 21 inatosha (michango ya pensheni nayo huangaliwa).

Ndugu yangu, jiandikishe darasa la Kijerumani mwaka wa kwanza, kabla majukumu hayajakuelemea. Shule za umma za watu wazima, Volkshochschule, zina madarasa ya jioni kwa ada nafuu. Na mwenzi wako asome pia. Yeye hana ofisi ya Kiingereza ya kumkinga, na mara nyingi ndiye anayetangulia kukutana na daktari, mwalimu na jirani.