Wanangu, Msiziamini Herufi

Wanangu, neno "debt" lina herufi nne, na ile b haijapata kutamkwa na Waingereza tangu walipoanza kuiandika. Semeni "det". Na "doubt" ni "daut". Nimeyafundisha haya mpaka nikastaafu, na bado nakutana na watu wazima wenye shahada wakiitafuta ile b kwa midomo yote miwili. Kukosea kwenu hakunichoshi. Kila anayejifunza hukosea. Kinachonichosha ni kwamba hamkuelezwa kwa nini mnakosea, na wanaowacheka hawajui pia. Basi kaeni niwaeleze, bila haraka.

Sisi tumezaliwa ndani ya lugha ambayo tahajia yake ya sasa ni ya juzi. Serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda kamati ya lugha mwaka 1930 ili Kiswahili kiandikwe kwa namna moja, kwa msingi wa Kiunguja. Tahajia tuliyorithi inafuata sauti. Mtoto akishaijua silabi, anakusomea gazeti zima hata kama nusu ya habari haielewi. Akitoka hapo anaingia kwenye Kiingereza na imani ile ile, kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosemwa, na hakuna mtu wa kumtahadharisha.

Maandishi ya Kiingereza ni ya kale. William Caxton alifungua kiwanda chake cha kuchapa vitabu pale Westminster mwaka 1476, na wachapaji waliomfuata ndio walioanza kuyagandisha maneno kwenye karatasi. Wakati huo huo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama vinywani mwa watu, uhamaji uliochukua karibu miaka 300. Ni kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtoto: mtoto akakua, kanzu ikabaki ile ile, na mpaka leo anavaa hiyo hiyo. Zama za Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, neno "time" lilitamkwa karibu na "tiime", "name" likawa karibu na "naame", na "house" ilikuwa "huus". "Knight" ilikuwa na k inayosikika mwanzoni, na ile gh ya katikati ilikuwa sauti inayokaribia kh yetu ya "kheri". Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu anayesoma "ti-me" na "na-me", huku wenzake wakimzomea, anasoma karibu sawa na Mwingereza wa miaka 600 iliyopita. Mwambieni kwamba siku hizi ni "taim" na "neim", lakini msimwambie kwamba ni mjinga.

Kisha wakaja wasomi. "Debt" na "doubt" zilitoka Ufaransa bila b yoyote. Wasomi wakasema Kilatini kina b katika maneno hayo, kwa hiyo nasi tuiandike ili asili ionekane. Wananchi waliendelea kusema walivyosema. "Receipt" ilitiwa p kwa namna hiyo hiyo, na haitamkwi: "risiit". "Indict", yaani kumfungulia mtu mashtaka, ilitiwa c, na hutamkwa "indait". Wanafunzi wa sheria, hili liwekeni moyoni kabla hamjasimama mahakamani. "Island" ndiyo inayosikitisha zaidi, kwa sababu ile s iliingizwa kwa kudhani kwamba neno hilo ni ndugu wa neno la Kilatini la kisiwa, kumbe si ndugu yake kabisa. Semeni "ailand". Kosa la mtu aliyekufa zamani, na leo adhabu anapewa mtoto wa Singida.

Nataka mlione jambo moja ambalo huwa nalitaja na watu wanalipita tu. Mabibi na mababu zetu walikopa maneno haya haya, na hawakukosea. Walisema "risiti", pasipo p. Walisema "nimonia", ile p ya mwanzo ya "pneumonia" hawakuwahi hata kuisikia. Walisema "bomu", na b ya mwisho ya "bomb" wakaiacha huko huko. Walisema "kanali". Hebu itazameni "colonel" ilivyoandikwa, muone kama kuna macho yanayoweza kutoa "kanali" hapo. Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa likiwa na r, baadaye wakaiga maandishi ya Kitaliano yenye l, sauti ikabaki ya zamani. Wazee wetu hawakuyajua hayo yote. Wengi wao hawakuwa na kitabu mkononi. Walisimama karibu na msemaji, wakasikiliza, wakalipeleka neno nyumbani kama lilivyoingia sikioni. Ninyi mna vitabu, mna simu, na mnasema "risipti". Mjukuu anaharibu alichokopa babu yake kwa usahihi! Hilo hunisumbua, nakiri, kuliko makosa mengine yote.

Rudini basi kwenye masikio. B ikifuata m mwishoni mwa neno, iacheni: "climb" ni "klaim", "lamb" ni "lam", "thumb" ni "tham". Irabu lakini hazifanani, maana "comb" ni "koum", "tomb" ni "tuum", na "bomb" ni "bom", maneno matatu yenye sura moja. Fundi bomba, "plumber", ni "plama". "Wednesday" ni "wenzdei". "Women" ni "wimin", "busy" ni "bizi", "bury" ni "beri", "says" ni "sez". "Determine" na "examine" huishia na "min", zisivutwe kuwa "main". Ila "combine" ni "kombain". Ukiniuliza kanuni, sina. Kila neno lina historia yake, na lazima ulisikie mara moja kabla hujalitamka mbele za watu.

Sasa irabu, na hapa niwieni radhi nikikaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoacha kueleweka. B iliyozidi haimpotezi msikilizaji. Irabu ikikosewa inabadili neno. Kiswahili kina irabu tano na sauti tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20, na herufi za kuziandikia ni zetu hizo hizo tano. Chukueni maneno manne: "hat", kofia, "hut", kibanda, "heart", moyo, "hurt", kuumia. Mswahili asiyeelekezwa huyasema yote manne "hat". Daktari anaambiwa mgonjwa ana tatizo la kofia. Mtofautishe hivi. Kwa "hat", panua mdomo kana kwamba unataka kusema e lakini toa a. "Hut" ni a fupi, iliyo jirani kabisa na a yetu. "Heart" ni a ndefu itokayo nyuma ya kinywa, ipe urefu wa "kaa". Na "hurt" haina mwenzake katika Kiswahili: meno yakaribiane, ulimi ulale katikati bila kugusa popote, sauti ivutwe. Jifunzeni hiyo ya nne kwa bidii, kwa sababu ndiyo iliyomo katika "bird", "work", "girl", "church", "learn" na "nurse". Halafu kuna "ship" na "sheep", "live" na "leave", "full" na "fool". Ya kwanza katika kila jozi ni fupi na legevu, ya pili ni ndefu na imekazwa. Ukimwambia mwajiri "I want to leave here" wakati unataka kuishi hapo, atakuandikia barua ya kuagana.

Mkazo nao haufundishwi ipasavyo. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote, na tumezoea hivyo hata hatujui kwamba tunafanya. Lakini mkazo tunaujua. Mwambie mtu "barabara" ukikazia BA ya pili, atafikiria njia ya magari. Kazia RA ya kwanza, ataelewa kwamba mambo ni sawasawa. Kiingereza kimejaa maneno ya namna hiyo. "Record" ikiwa nomino, kazia mwanzo. Ikiwa kitendo, kazia mwisho. "Present" vivyo hivyo. "Photograph" hukaziwa mwanzo, "photography" hukaziwa kwenye "to", "photographic" kwenye "gra", na huo ni ukoo mmoja.

Wazee wetu hapa pia walituzidi. "Hotel" na "police" zina mkazo mwishoni. Walipoongeza i wakapata "hoteli" na "polisi", mkazo ukabaki pale pale ulipokuwa: ho-TE-li, po-LI-si. Sisi tukirudi kwenye Kiingereza tunaiondoa i, kisha tunausukuma mkazo nyuma, tunasema HO-tel. Hapana. Ni ho-TEL. "Development" ni di-VE-lop-ment, nasi tunasema de-ve-LOP-ment katika kila semina. "Vegetable" ni VEJ-ta-bol, silabi tatu, na "comfortable" ni KAMF-ta-bol, nayo tatu. Silabi isiyo na mkazo Mwingereza huimeza, hivyo msijisumbue kuipa kila irabu haki yake kama tufanyavyo kwetu.

La "-ed" nitalisema kwa kifupi. Ni silabi inayojitegemea pale tu inapofuata sauti ya t au d: "wanted", "needed". Kwingineko haisikiki kama silabi. "Worked" huishia na "kt", "asked" huishia na "skt", "begged" huishia na "gd". Ulimi wetu haupendi konsonanti kusongamana, lakini utazoea. Na th msiitafute mbali. Ile ya "think" ni ya "thelathini", na ile ya "mother" ni ya "dhahabu". Anayesema "sink" na "maza" aanze kwanza kurekebisha "selasini" na "zahabu".

Najua vijana mnayapata majina mengi ya Kiingereza kwenye mpira, na sioni ubaya. Mwaka 2016 Leicester ilipochukua ubingwa wa Uingereza, vijiweni nilisikia kila aina ya "Leisesta". Ni "Lesta". Worcester ni "Wusta", Gloucester ni "Glosta", Tottenham ni "Totnam". Norwich na Ipswich ni majirani na mahasimu wa mashariki ya Uingereza. Norwich humeza w, "Norij", lakini Ipswich huitamka, "Ipswich". Greenwich, ambako saa za dunia huhesabiwa na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu, nayo humeza w: "Grenij" au "Grenich". Hata mgeni kutoka Marekani akifika London hupotea katika majina haya, na hakuna anayemwita mshamba.

Wala si kila tofauti ni kosa. "Schedule" Mwingereza husema "shedyul", Mmarekani husema "skejul". "Lieutenant" kwa Mwingereza ni "leftenant", kwa Mmarekani ni "lutenant". T ya "often" wengine huitamka, wengine huiacha, na wote ni wenye lugha yao. Kwa hiyo usimvamie mtu kabla hujajua alikojifunzia. Wala usijilazimishe kusemea puani ili uonekane umetoka ng'ambo. Lafudhi yako ya Kimakonde, ya Kihaya au ya Kijaluo si kosa la matamshi. Msikilizaji akilipata neno lile ulilokusudia, kazi imekwisha.

Walimu wenzangu mlio bado kazini, nawaomba. Mwanafunzi akisoma "receipt" kwa p, msimsimamishe katikati. Mwacheni amalize, kisha mjibuni kwa sentensi yenye neno hilo likiwa limetamkwa sawa. Atalisikia. Asipolisikia leo, litajeni tena kesho. Nimewaona watoto wenye akili nyingi waliochekwa kwa neno moja wakiwa kidato cha kwanza, wakafika kidato cha nne hawajanyoosha tena mkono. Ujuzi wao wa hesabu, wa kemia, wa historia, wote ulikaa kimya nyuma ya neno moja la Kimombo.

Na ninyi wenye simu. Kuna video mnazosambaziana za watu waliochapia: kiongozi wa kijiji jukwaani, mchezaji anayehojiwa baada ya mechi, binti aliyetetemeka kwenye usaili. Mtu huyo alikuwa anajitahidi kwa lugha ya tatu au ya nne katika maisha yake, mbele ya kamera, na aliyemrekodi hajui kwa nini "island" ina s. Kama mnamfahamu, mpigieni mkamwambie neno linavyotamkwa, mkiwa wawili tu. Na hiyo video, mwanangu, usiipeleke kwa mwingine. Ifute.