Ng'ombe Aliyezoea Kupiga Pembe

Mwezi huu tumelia katika makazi yetu. Kijana wa kanisa letu, mwendesha bodaboda, alimgonga mama aliyekuwa akitoka kuchota maji. Ilikuwa usiku, pikipiki haina taa, naye amebeba watu watatu. Hakusimama. Siku ya tatu mama akafariki, ameacha watoto wanne.

Usiku ule ndugu zake kijana walikuja kwetu. "Wazee, mtusaidie avuke mpaka. Sisi ni wakimbizi, tukifika polisi tumekwisha."

Tukafungua Yoshua 20. Mungu aliweka miji ya makimbilio kwa aliyeua bila kukusudia. Lakini mtu huyo alisimama kwanza langoni, akawaeleza wazee habari yake, kisha akahukumiwa mbele ya mkutano. Hakufichwa. Hata Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ule unaotulinda, katika kifungu cha 2 unatutaka tutii sheria za nchi iliyotupokea. Na hapa Uganda, chini ya Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998, kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari ni kosa la jinai. Mahakama yaweza kumfunga mtu na kumnyang'anya leseni, hata kama hakukusudia kuua.

Wengine wanasema, "Ni ajali tu, ni mapenzi ya Mungu." Tusimsingizie Mungu. Shoka likichomoka katika mpini, kama Kumbukumbu 19, hiyo ni ajali. Lakini Kutoka 21:29 inataja ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe, mwenyewe ameonywa, asimfunge. Huyo mwenye ng'ombe ana hatia ya damu.

Hapo tulichomwa moyo, kwa maana pikipiki ile sote tuliijua. Tulipanda watatu, wanne, tukifurahia nauli ndogo. Ngoma za kwaya yenyewe ilibeba. Nani kati yetu alimwambia, "Mwanangu, nunua taa kwanza"?

Asubuhi wazee wawili walimsindikiza polisi. Alilia njia nzima. Sasa yuko rumande, akingoja kesi. Jumatano tunampelekea chakula, na Ijumaa tunakwenda kwa watoto wa marehemu. Bibi yao bado hataki kutuona. Tunaacha unga mlangoni. Mwenye mahindi au maharage amfikishie shemasi kabla ya Alhamisi jioni.